Oscar Micheaux na Sinema Bubu

Kitabu kilichotunzwa vizuri huweza kusomwa miaka mia tatu baada ya kuchapwa. Sinema haina bahati hiyo. Picha zilizotengenezwa katika miaka thelathini ya kwanza ya karne ya ishirini zilipigwa juu ya utepe wa nitrati, ambao hushika moto upesi na huoza ukiachwa mahali pa joto. Sehemu kubwa ya picha hizo imepotea. Baadhi ziliteketea, baadhi ziliozea ghalani, na baadhi zilitupwa na wenyewe walipoona kwamba hazileti tena fedha. Kwa sababu hiyo, mtu atakaye kuhakiki kazi za zamani hizo hufanana na fundi aambiwaye apime ukubwa wa jumba ambalo kuta zake nyingi zimekwisha kuanguka.

Ndivyo ilivyo kwa Oscar Micheaux, mwongozaji wa sinema aliyekuwa Mmarekani Mweusi. Alitengeneza sinema zipatazo arobaini katika muda wa miaka thelathini. Zaidi ya ishirini katika hizo zilikuwa sinema bubu, yaani picha zisizo na sauti, ambazo maneno yake yaliandikwa juu ya kadi zilizoonyeshwa kati ya picha na picha. Katika sinema zake bubu, tatu tu ndizo zilizosalia. Wako wamsifuo kwa sababu alithubutu kufanya kazi ambayo watu wa rangi yake hawakuruhusiwa hata kuikaribia. Wako pia wamdharauo kwa sababu picha zake zina kasoro zinazoonekana hata na mtazamaji asiyekuwa mjuzi. Nionavyo, makundi yote mawili yanaikwepa kazi yenyewe. Ujasiri wa mtu ni sifa ya mwenendo wake. Uzuri wa kazi yake ni jambo jingine, na lazima uthibitishwe ndani ya kazi. Insha hii itasimulia maisha ya Micheaux kwa ufupi, kisha itaziangalia picha hizo tatu ili kuona kama alikuwa msanii kweli, na kama alikuwa, usanii wake ulikaa wapi.

Micheaux alizaliwa tarehe 2 Januari 1884 karibu na mji mdogo wa Metropolis, katika jimbo la Illinois. Baba yake alikuwa amezaliwa utumwani. Wazazi walikuwa wakulima, na watoto walikuwa wengi. Alipokuwa kijana alikwenda Chicago, akafanya kazi za kibarua, kisha akapata utumishi katika mabehewa ya kulala ya kampuni ya Pullman. Kazi hiyo ilikuwa ya kutandika vitanda, kubeba mizigo na kung'arisha viatu vya abiria. Lakini ilimpa vitu viwili alivyovihitaji: akiba ya fedha, na nafasi ya kuiona nchi yake kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kwa akiba hiyo alipata shamba katika South Dakota karibu na mwaka 1905, mahali ambapo takriban majirani zake wote walikuwa Wazungu. Aliivunja nyika ile kwa jembe la kukokotwa na wanyama, na kwa muda alistawi. Baadaye ukame ukaja, ndoa yake ya kwanza ikavunjika, na shamba likamtoka mkononi.

Mtu mwingine angalinyamaza. Micheaux aligeuza hasara yake kuwa hadithi. Mwaka 1913 alitoa kitabu kiitwacho The Conquest, kisichokuwa na jina la mwandishi juu yake, akakiuza mwenyewe nyumba kwa nyumba. Akafuatisha kingine mwaka 1915, na cha tatu, The Homesteader, mwaka 1917. Kampuni moja ya sinema iliyokuwa mali ya Wamarekani Weusi, Lincoln Motion Picture Company, ilitaka kukifanya kitabu hicho cha tatu kuwa sinema. Micheaux alikuwa radhi, lakini alishikilia kwamba yeye mwenyewe awe na mkono katika kuiongoza picha hiyo. Hawakuafikiana. Basi akaunda kampuni yake, akauza hisa, hata kwa wakulima wa Kizungu waliomjua tangu siku za shamba, na mwaka 1919 akaonyesha The Homesteader huko Chicago. Ilikuwa na urefu wa mikanda minane, na huhesabiwa kuwa sinema ndefu ya kwanza kutengenezwa na Mmarekani Mweusi. Sinema hiyo nayo imepotea. Hatuwezi kuihakiki, ila twaweza kukumbuka sharti lile alilolishikilia, maana ndilo ufunguo wa kazi zake zote: hakutaka hadithi yake ipangwe na mkono wa mtu mwingine.

Sababu ya sharti hilo itaeleweka tukitazama sinema iliyotawala zama zile. Mwaka 1915 D. W. Griffith alitoa The Birth of a Nation, sinema ya urefu wa saa tatu hivi juu ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani na miaka iliyofuata. Kwa ufundi, ilikuwa kazi kubwa. Kwa ukweli, ilikuwa kashfa. Watu weusi walionyeshwa kama wavivu wasiofaa kupiga kura, na kama wanyama wanaowawinda wanawake wa Kizungu. Wengi katika watu hao waliigizwa na Wazungu waliojipaka rangi nyeusi usoni. Waliokuja kuokoa nchi, kwa mujibu wa sinema hiyo, ni wapanda farasi wa Ku Klux Klan, kundi la wauaji. Chama cha kutetea haki za watu weusi, NAACP, kiliipinga kwa nguvu. Hata hivyo ilionyeshwa katika ikulu ya Rais Woodrow Wilson, na mwaka ule ule Klan, iliyokuwa imekwisha kufa, ikafufuliwa.

Msomaji azingatie jinsi Griffith alivyowateka watazamaji wake. Hakutumia hoja. Alitumia mpango wa picha. Katika sehemu ya mwisho alipishanisha matukio mawili: kwa nukta chache tunawaona Wazungu waliozingirwa ndani ya kibanda, kisha tunawaona wapanda farasi wakija mbio, kisha kibanda tena, kisha farasi tena. Kila picha inapobadilika, moyo wa mtazamaji unazidi kuwasihi farasi wafike. Mtu aliyekaa gizani hana nafasi ya kuuliza kama jambo aombealo ni haki au dhuluma. Wahenga walisema kwamba mwamba ngoma huvutia kwake. Griffith aliwamba ngozi akaivuta kwake kwa nguvu zote, na watu wakacheza.

Jibu la Micheaux lilikuwa Within Our Gates, sinema yake ya pili, iliyoonyeshwa Chicago mwezi wa Januari 1920. Saa haikuwa njema. Miezi michache nyuma, katika Julai 1919, fujo za rangi zilikuwa zimewaka katika mji ule ule, na watu 38 walikufa, weusi 23 na weupe 15. Wakaguzi wa sinema walisitasita kuipa ruhusa, na baadhi ya watu wenye vyeo, weusi kwa weupe, waliogopa kwamba italeta fujo mpya. Kilichowatisha ni sehemu iliyoonyesha watu weusi wakinyongwa na umati bila kuhukumiwa na mahakama, mauaji ambayo zamani hizo yalikuwa yakitokea mara kwa mara katika majimbo ya Kusini. Sinema ikaruhusiwa. Mahali pengine ilionyeshwa ikiwa imekatwakatwa, na kumbi nyingine zilikataa kabisa kuipokea.

Hadithi yenyewe ni hii. Sylvia Landry, aliyeigizwa na Evelyn Preer, ni mwalimu mweusi katika shule maskini ya Kusini. Shule inakaribia kufungwa kwa kukosa fedha, naye anakwenda Boston kutafuta dola 5,000. Baada ya masumbuko mengi anakutana na mwanamke tajiri wa Kizungu, ambaye mwishowe anatoa dola 50,000. Mpaka hapo hadithi ni ya kawaida, na imejaa bahati nasibu nyingi mno. Lakini karibu na mwisho, jamaa yake Sylvia anamsimulia daktari ampendaye siri ya maisha yake, na sinema inarudi nyuma. Hapo ndipo Micheaux anapoiwamba ngoma yake.

Tunaonyeshwa familia ya Landry, iliyomlea Sylvia. Baba, Jasper Landry, ni mkulima katika shamba la Mzungu aitwaye Gridlestone. Sylvia amesoma, naye amemwandikia baba hesabu zake, ili kwa mara ya kwanza aweze kudai haki yake kwa tarakimu. Wanapobishana, Mzungu mwingine maskini, aliyedhulumiwa na Gridlestone huyo huyo, anampiga risasi kutoka dirishani. Lawama inamwangukia Jasper. Umati unatoka kumsaka: wanaume, wanawake na hata watoto. Mume na mke wanakamatwa na kunyongwa. Mtoto wao mdogo, Emil, anaponyoka. Wakati huo huo, nyumbani, ndugu yake Gridlestone amemkuta Sylvia peke yake na anataka kumnajisi. Sylvia anapigana naye mpaka nguvu zinamwishia. Nguo yake inapopasuka, mtu yule anaona kovu, na kwa kovu hilo anatambua kwamba msichana huyo ni binti yake mwenyewe aliyemzaa na mwanamke mweusi.

Micheaux ameyapishanisha matukio hayo mawili, la kamba na la nyumba, kama vile Griffith alivyopishanisha kibanda na farasi. Ametumia chombo kile kile, lakini amegeuza kila kitu kilichowekwa ndani yake. Kwa Griffith, mshambuliaji ni mweusi na mwathiriwa ni mweupe. Hapa ni kinyume. Kwa Griffith, umati wenye silaha ni waokozi. Hapa ndio wauaji. Kwa Griffith, farasi wanaleta msaada. Hapa farasi mmoja tu ana kazi ya kukumbukwa, naye anamchukua mtoto anayekimbia kuokoa maisha yake. Mtazamaji aliyezoea sinema za namna hiyo anaketi akingoja waokozi watokee. Hawatokei. Hakuna mtu anayekuja. Sylvia anaokolewa na kovu tu, na kovu hilo linafichua jambo ambalo Wazungu wa Kusini hawakutaka kulisema: kwamba walioogopa kuchanganyika kwa damu ndio waliokuwa wameichanganya tangu siku za utumwa, na kwa nguvu.

Huu ni uhakiki wa sinema uliofanywa kwa sinema. Micheaux hakusimama kusema kwamba Griffith ni mwongo. Aliupanga utepe wake hivi kwamba mtazamaji auhisi uongo ule moyoni, mahali pale pale ulipopandwa. Sanaa huthibitika namna hii: maana ikikaa ndani ya umbo, hata mtu akiondoa umbo, maana nayo imetoweka.

Ushahidi wa pili umo katika sinema hiyo hiyo, nao ni mdogo zaidi lakini ni mkali. Yuko mhubiri mweusi aitwaye Ned, ambaye huwafundisha waumini wake kwamba mali na siasa ni za Wazungu, na fungu la weusi liko mbinguni. Anakwenda kuwatembelea Wazungu wenye nguvu. Wanamwuliza maoni yake juu ya haki ya kupiga kura, naye anawajibu jambo wapendalo kusikia. Wanacheka. Anacheka. Anapotoka mmoja anampiga teke, naye anacheka tena. Kisha anafunga mlango, na sasa yuko peke yake mbele yetu. Kicheko kinafutika polepole. Uso unaanguka. Tunamwona mzee anayejua kwamba, kama Esau, ameuza haki yake kwa sahani ya chakula, na kwamba atafanya hivyo tena kesho.

Katika nukta hizo chache Micheaux ameonyesha jambo ambalo hotuba ndefu isingeliweza kulieleza. Ned ni msaliti, na sinema haimsamehe. Lakini sinema inatuonyesha gharama ya usaliti kwa msaliti mwenyewe. Angalikuwa mtunzi hafifu, angalimfanya Ned mpumbavu ili tumcheke. Micheaux alimfanya mtu mwenye akili, na kwa hiyo tunatetemeka. Kuna pia mtumishi aitwaye Efrem, aliyemchongea Jasper kwa Wazungu akidhani kwamba wao ni rafiki zake. Umati unapochoka kungoja, unamwua yeye. Watu hao wawili wanatufundisha kwamba Micheaux hakuivuta ngozi kwake bila kipimo: aliwaonyesha watu wake pamoja na aibu zao.

Tabia hiyo ya kutowabembeleza watu wake inaonekana pia katika The Symbol of the Unconquered ya mwaka 1920, ambayo nakala yake ilipatikana Ubelgiji. Adui mkuu katika hadithi hiyo ni mtu mweusi mwenye ngozi nyeupe, aitwaye Driscoll, anayejifanya Mzungu. Kwa kuogopa kutambuliwa, anawachukia weusi kuliko Wazungu wenyewe wanavyowachukia. Anamfukuza hata mama yake mzazi anapomkaribia hadharani. Hadithi inaendelea mpaka kundi la wapanda farasi wa usiku linapokuja kumnyang'anya mkulima mweusi ardhi yake. Kwa bahati mbaya, sehemu iliyoonyesha wapanda farasi hao wakishindwa haimo katika nakala iliyosalia. Tunaambiwa tu kwamba walishindwa. Jambo ambalo watazamaji wa mwaka 1920 walikwenda kuliona kwa shangwe, sisi hatulioni.

Picha ya tatu, Body and Soul, ya mwaka 1925, ni maarufu kwa sababu ndani yake Paul Robeson aliigiza katika sinema kwa mara ya kwanza. Aliigiza watu wawili: Isaiah, mfungwa mtoro anayejifanya mhubiri, na ndugu yake Sylvester, kijana mwema na mvumbuzi. Isaiah anamharibu msichana aitwaye Isabelle na kuiba fedha ambazo mama yake alizificha ndani ya Biblia. Mama hataki kuamini kwamba mtumishi wa Mungu aweza kutenda ovu, mpaka mwanawe anapokufa. Nguvu ya sinema hii iko katika mwili wa Robeson. Akiwa mbele ya waumini, kifua kimefunguka na mikono inaenea. Akiwa na walevi wenzake, mabega yanashuka na tabasamu linapinda. Wakaguzi wa New York waliikataa mwanzoni, wakiona kwamba inaitukana dini, na Micheaux alilazimika kuipunguza na kuibadili. Mwisho wake, kama tulivyo nao, ni kwamba maovu yote yalikuwa ndoto ya mama. Mwisho huo unalegeza kamba iliyokuwa imekazwa vizuri. Mtu akiamka na kukuta kwamba hakuna aliyekosa, hana la kujifunza.

Wasomaji wa Kenya wana sababu ya pekee ya kutafakari juu ya Robeson. Miaka kumi baadaye, akiwa mwigizaji mashuhuri, aliigiza katika sinema ya Waingereza iitwayo Sanders of the River, iliyotolewa mwaka 1935. Miongoni mwa Waafrika waliokuwa Uingereza na wakaajiriwa kuonekana kwa muda mfupi katika picha hiyo alikuwamo Jomo Kenyatta, aliyekuja kuwa Rais wa kwanza wa Kenya. Robeson alikubali kazi hiyo akitumaini kwamba ingeheshimu mila za Waafrika. Sinema ilipokamilika, alikuta kwamba imepangwa kuusifu utawala wa Waingereza, naye akaikana. Sura yake ilikuwa mle ndani, sauti yake ilikuwa mle ndani, lakini maana haikuwa yake, kwa maana si yeye aliyekata na kuunga utepe. Kwa Micheaux mambo yalikuwa maskini kuliko yale ya studio za London. Walakini aliyekata na kuunga alikuwa mtu mwenye kujua ni nani anayesimuliwa.

Sasa tuzitaje kasoro bila kuzifunika. Ya kwanza ni ya ufundi. Micheaux alifanya kazi kwa fedha kidogo sana. Alipiga picha katika nyumba za kuazima, na aghalabu hakurudia tendo hata pale mwigizaji alipokosea. Alizunguka mwenyewe kwa wenye kumbi za sinema ili apate malipo ya mbele ya kutengenezea picha ifuatayo. Mtu anayefanya kazi kwa haraka hivyo hutoa kazi yenye mshono unaoonekana. Hadithi zake zina watu wengi kupita kiasi, na barua au mgeni hutokea kila mtunzi anapokwama. Umaskini waeleza kasoro ya vifaa. Hauelezi kasoro ya hadithi, maana kalamu na karatasi ni rahisi. Tusimsamehe hapo.

Ya pili ni ya kupenda kuhubiri. Mwisho wa Within Our Gates, baada ya kamba na moto, yule daktari anamwambia Sylvia aipende nchi yake, akimhesabia vita ambavyo weusi wameipigania Marekani: Kuba, Meksiko, Ufaransa. Maneno hayo yana haki, lakini yanakuja vibaya. Mtazamaji aliyekwisha kuona baba na mama wakinyongwa hawezi kutulizwa na hotuba, na mtunzi aliyeonyesha vizuri hivyo hakuwa na haja ya kuongeza maelezo.

Ya tatu ni nzito zaidi. Mara kwa mara Micheaux aliwapa nafasi za heshima waigizaji wenye ngozi ya rangi ya maji ya kunde, na weusi zaidi akawapa nafasi za ulevi na uhuni. Aliwatangaza waigizaji wake kwa kuwafananisha na nyota wa Kizungu. Lorenzo Tucker, kwa mfano, aliitwa Valentino wa weusi. Mwaka 1938, katika zama za sinema zenye sauti, picha yake God's Step Children ilipingwa na watazamaji mjini New York kwa sababu waliona kwamba inawadhalilisha watu wake. Lawama hiyo ina ukweli. Mtu aweza kuuvunja mlango wa gereza na bado akatoka na mnyororo mguuni. Kipimo cha urembo alichokitumia Micheaux kilikuwa kimefuliwa na watu wale wale aliokuwa akiwajibu.

Siku zake za mwisho hazikuwa za fahari. Kampuni yake ilifilisika mwaka 1928. Alisimama tena, akisaidiwa na mkewe wa pili, Alice B. Russell, aliyeigiza na kufanya kazi nyingi nyuma ya picha, na mwaka 1931 akatoa The Exile, sinema yake yenye sauti. Sinema yake ya mwisho, ya mwaka 1948, haikufanikiwa. Alifariki tarehe 25 Machi 1951 katika mji wa Charlotte, North Carolina, akiwa katika safari za kazi yake, akazikwa Great Bend, Kansas. Zama hizo Within Our Gates ilikuwa haionekani popote, na watu wengi walidhani kwamba imepotea kabisa.

Nakala moja ilikuwa Hispania. Ilitambuliwa katika hifadhi ya filamu ya nchi hiyo katika miaka ya 1970, ikiitwa La Negra, na kadi zake karibu zote zikiwa kwa Kihispania. Maktaba ya Bunge la Marekani iliitengeneza upya mwaka 1993, na ili Wamarekani waweze kuisoma ilibidi maneno yatafsiriwe kutoka Kihispania kuyarudisha katika Kiingereza. Kwa hiyo maneno tuyasomayo leo chini ya jina la Micheaux, kwa sehemu kubwa, si maneno yake hasa. Yamevuka bahari mara mbili na kubadilika lugha mara mbili.

Jambo hilo linatupa jibu la swali tuliloanza nalo. Hebu fikirini: mtunzi amenyang'anywa sauti, kwa kuwa sinema yake ilikuwa bubu, amenyang'anywa maneno, kwa kuwa kadi zake zimetafsiriwa, amenyang'anywa sinema nyingi alizozitengeneza. Lililobaki ni picha na mpangilio wake. Na bado uso wa Ned unapobadilika nyuma ya mlango uliofungwa, tunaelewa. Na bado kamba na nyumba zinapopishanishwa, na farasi wa uokozi hawaji, tunaelewa. Angalikuwa jasiri tu, asiye msanii, kusingalikuwa na kitu kilichobaki cha kueleweka.

Kwa hukumu yangu, basi, Oscar Micheaux ni msanii asiye sawasawa: mkubwa katika vipande, dhaifu katika kuviunganisha, na mara nyingine mfungwa wa fikira alizotaka kuzivunja. Mkisoma au kutazama kazi ya mtu wa namna hiyo, msiikubali yote kwa sababu shabaha yake ni njema, wala msiitupe yote kwa sababu mshono wake unaonekana. Tafuteni mahali ambapo maana na umbo vimekuwa kitu kimoja, mkapasifu mahali hapo kwa jina lake. Kisha tajeni palipoharibika, bila hofu. Wala msisahau kumwuliza kila asimuliaye hadithi, awe Griffith au Micheaux, ameishika ngozi ya ngoma upande gani, na anaivuta kuelekea kwa nani.